Kadi ya Mkopo na Maili za Ndege: Mambo ya Kujua Kabla Hujatia Sahihi

Katika benki nyingi za mjini Mombasa, mteja anayepitisha mshahara wake hapo au mwenye biashara inayozunguka vizuri hapiti miezi mingi kabla hajapigiwa simu. Sauti ya upole humwambia kwamba amekubaliwa kupata kadi ya mkopo, na kwamba kila atakaponunua kitu atakusanya pointi zitakazogeuka maili, na maili hizo zitamsafirisha bure. Neno "bure" ndilo linalotufanya wengi tutie sahihi kabla ya kusoma.

Nami nilitia sahihi. Miaka mitatu nilitembea na kadi hiyo, nikinunulia mafuta ya gari, vyakula vya nyumbani na karo za watoto. Nia yangu ilikuwa moja: kumkatia mama tiketi akamwone mjukuu wake Ghuba. Siku niliyokwenda kuzitumia nilikuta sehemu kubwa ya maili imeshakwisha muda, zilizobaki hazitoshi hata safari ya kwenda tu, na ada ya kadi nimeilipa mara tatu. Hakuna aliyeniibia. Yote yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi nilizopewa, ila sikuzisoma. Mama alikwenda, lakini kwa tiketi niliyoinunua kwa pesa taslimu.

Makala haya ni ya ndugu msomaji ambaye bado hajatia sahihi, na pia ya yule ambaye tayari anayo kadi mfukoni na hajui inamfaa au inamla.

Maili ni nini, na zilianzia wapi

Maili za ndege ni hesabu ambayo shirika la ndege humwekea msafiri wake ili arudi tena. Mwaka 1981 shirika la American Airlines la Marekani lilianzisha mpango wake wa AAdvantage, na katika muda mfupi wapinzani wake wakaiga. Wakati huo msafiri alihesabiwa maili halisi alizoruka. Baadaye, katika miaka hiyo hiyo ya 80, benki za Marekani zikaingia: zikawa zinanunua maili kutoka kwa mashirika na kuwapa wateja wanaotumia kadi zao. Tangu hapo mtu anaweza kukusanya maili bila hata kupanda ndege.

Leo maili hazipimi tena masafa. Ni sarafu ya shirika. Shirika ndilo linaloitoa, ndilo linalopanga thamani yake, na linaweza kuishusha wakati wowote. Tiketi iliyokuwa maili 30,000 mwaka jana inaweza kuwa 40,000 mwaka huu, na huna pa kushtakia. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: maili si akiba. Akiba huwekwa ikakaa, maili hukusanywa zikatumiwa.

Nani anayelipa hizo "bure"

Ukilipa kwa kadi dukani, mwenye duka hapokei pesa zote. Hukatwa asilimia fulani, na sehemu ya makato hayo humwendea benki iliyokupa kadi. Kutoka hapo ndipo benki hununua maili zako. Vyanzo vingine ni viwili: ada ya mwaka unayolipa wewe, na riba ya wale wasiomaliza deni lao kwa wakati.

Ukilijua hili utaelewa mambo mawili. La kwanza, kwa nini kadi za Marekani hutoa maili nyingi kuliko za kwingine: makato ya wenye maduka kule ni makubwa. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka kikomo cha makato hayo kwa sheria ya mwaka 2015, asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, na zawadi za kadi zikapungua. Hivyo usisome mtandaoni habari za Mmarekani aliyeruka daraja la kwanza kwa maili ukadhani kadi ya hapa itakufanyia vivyo hivyo. La pili, mteja anayependwa zaidi na benki ni yule anayebaki na deni. Maili ni chambo, na samaki ni riba.

Kadi za aina mbili

Kadi zinazotoa maili ziko za namna mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Ya kwanza ni kadi iliyofungwa na shirika moja. Ukinunua kitu, maili zinaingia moja kwa moja katika akaunti yako ya shirika hilo. Uzuri wake ni kwamba mara nyingi ina manufaa ya ziada, kama vile kuongezewa mizigo au kupita foleni ya mbele. Ubaya wake ni kwamba umefungwa. Shirika likiacha njia yako au likishusha thamani ya maili, huna pa kwenda.

Ya pili ni kadi ya pointi za benki. Pointi hukaa benki, na wewe huchagua lini uzihamishie shirika gani kati ya yale yaliyo na mkataba na benki hiyo. Hii huwafaa wengi zaidi, kwa sababu unaweza kuziacha pointi mpaka uione safari. Lakini kumbuka kwamba ukishazihamisha hazirudi, na mara nyingi pointi moja ya benki si maili moja ya ndege. Pengine pointi mbili au tatu ndizo zinazotoa maili moja. Tangazo litakwambia idadi ya pointi kwa herufi kubwa, na kiwango cha kubadilisha utakikuta kwa herufi ndogo.

Anza na safari, si kadi

Kosa la wengi wetu ni kuchagua kadi kwanza kisha kutafuta pa kwenda. Anza upande wa pili. Jiulize: mimi na watu wa nyumbani kwangu huruka wapi, mara ngapi kwa mwaka, na kwa ndege gani? Kwa watu wa Pwani majibu huwa machache.

*Dubai.* Wafanyabiashara wanaofuata mali Deira wanaijua njia hii kama ya kwenda Kongowea. Emirates huondokea Nairobi, na flydubai imekuwa ikitua Mombasa. Mashirika yote mawili hutumia mpango mmoja wa maili, Emirates Skywards, basi anayeruka na yeyote kati yao hukusanya kapu moja. Emirates haimo katika muungano wowote mkubwa wa mashirika.

*Doha na mbele yake.* Qatar Airways ina mpango wa Privilege Club, na tangu mwaka 2022 sarafu yake ni Avios, sarafu ile ile inayotumiwa na British Airways. Mwenye Avios huku anaweza kuzihamishia kule. Qatar na British Airways zote zimo katika muungano wa oneworld, na Oman Air iliingia muungano huo mwaka 2025. Kwa wenye jamaa Uingereza na Oman, hili ni jambo la kuangalia.

*Jeddah na Madina.* Saudia ina mpango wake wa AlFursan, na imo katika muungano wa SkyTeam pamoja na Kenya Airways, Air France na KLM. Maana yake ni kwamba maili za mwanachama mmoja huweza kutumika, kwa masharti, katika ndege za mwanachama mwingine. Lakini nafasi za maili msimu wa Hija au kumi la mwisho la Ramadhani ni adimu. Usijenge safari ya ibada juu ya tumaini hilo.

*Ndani ya Afrika, Ulaya na Marekani.* Kenya Airways ilikuwa ikitumia mpango wa Flying Blue wa Air France na KLM, kisha ikaanzisha wake, Asante Rewards. Ethiopian, ambayo hutua Mombasa, ina ShebaMiles, na Turkish ina Miles&Smiles. Hizi mbili zimo katika Star Alliance.

Kama safari yako kubwa ya mwaka ni ya Nairobi kwa treni ya SGR, basi huna haja ya kadi ya maili. Treni haitoi maili, na nauli yake hailipwi na ndoto.

Hesabu ya mezani

Chukua kalamu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, si za benki fulani. Weka zako mahali pake.

Tuseme kadi inatoa maili 1 kwa kila shilingi 100, ada yake ni shilingi 6,000 kwa mwaka, na wewe hutumia shilingi 60,000 kwa mwezi kwa kadi. Kila mwezi utapata maili 600, na kwa mwaka 7,200.

Sasa maili moja ina thamani gani? Tafuta tiketi unayoitaka kwa bei ya pesa, na tiketi hiyo hiyo kwa maili. Tiketi ya maili nayo haiwi bure kabisa, kwani utalipa kodi za viwanja na tozo za shirika kwa pesa. Tuseme tiketi ni shilingi 62,000 kwa pesa, au maili 40,000 pamoja na kodi za shilingi 18,000. Toa 18,000 katika 62,000, zinabaki 44,000. Gawanya kwa 40,000. Maili moja imekufaa kwa shilingi 1.10.

Basi maili zako 7,200 za mwaka ni sawa na shilingi 7,920. Toa ada ya 6,000. Faida yako ya mwaka mzima ni shilingi 1,920.

Endelea kidogo. Tuseme mwezi mmoja tu umeshindwa kulipa, deni la 60,000 likabaki, na riba ya kadi ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Riba ni shilingi 2,100. Mwezi mmoja umekula faida ya mwaka mzima na bado unakudai shilingi 180. Hapo hatujahesabu faini ya kuchelewa wala ushuru unaowekwa juu ya ada za benki.

Na kuna shimo la pili, ambalo ndilo nililotumbukia mimi. Tiketi inataka maili 40,000. Kwa 7,200 kwa mwaka utazifikia baada ya miaka mitano na nusu. Lakini mashirika mengi hayaziachi maili ziishi hivyo. Maili za Skywards, kwa mfano, huishi miaka 3 na kufa mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Avios za Qatar hufa akaunti ikikaa miezi 36 bila kuingiza wala kutoa chochote. Katika miaka mitatu wewe utakuwa na 21,600. Za mwanzo zitaanza kufa kabla za mwisho hazijazaliwa.

Ili ufikishe maili 40,000 ndani ya miaka mitatu kwa kadi hii peke yake, lazima upitishe shilingi milioni 4, yaani kama 111,000 kila mwezi bila kukosa. Kwa mwenye duka anayelipia mali zake kwa kadi hilo linawezekana. Kwa mwalimu au karani, haliwezekani bila kununua visivyohitajika.

Njia ya mtu wa kipato cha kawaida ni kuchanganya: maili za safari zenyewe, za familia yote, na za kadi juu yake. Emirates na Qatar zote zina mipango ya kuunganisha maili za familia katika kapu moja. Watu watano wa nyumba moja wakiruka kwenda harusini Dubai, maili za kila mmoja peke yake hazifiki popote, lakini zikiwekwa pamoja huenda zikatoa tiketi ya sita. Kujiunga na mipango hii ni bure na hakuhitaji kadi yoyote. Kama hujafanya hivyo, anza hapo kabla ya kwenda benki.

Suala la riba

Hatuwezi kuzungumza na watu wa Pwani juu ya kadi za mkopo tukaliruka hili. Kwa Kiswahili tuna neno moja tu, riba, kwa jambo ambalo benki huliona biashara na dini ya wengi wetu huliona haramu.

Wako wanaosema: nikilipa deni lote kabla ya tarehe, sitoi riba, basi nina kosa gani? Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu ya OIC, lililiangalia suala hili katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000. Uamuzi wake ni kwamba kadi ya mkopo isiyo na pesa za mteja nyuma yake, ikiwa mkataba wake una sharti la riba, haijuzu kutolewa wala kutumiwa, hata kama mteja amenuia kulipa ndani ya muda usio na riba. Wako wanazuoni wengine walioruhusu kwa haja na kwa masharti. Mwenye kulijali hili amuulize mwanachuoni anayemwamini, na aende na karatasi ya mkataba mkononi, asiende na maelezo ya mdomo ya muuzaji.

Njia mbadala ziko. Kadi ya kawaida ya benki, inayokata pesa zako mwenyewe, haina mkopo wala riba, na baadhi ya benki huipa pointi, ingawa chache. Katika nchi za Ghuba ziko benki za Kiislamu zinazotoa kadi za maili kwa utaratibu wa ada maalumu badala ya riba. Hapa Kenya benki zinazofuata sharia zimekuwapo tangu mwaka 2008, na mteja ana haki ya kuziuliza: kadi yenu imejengwa juu ya mkataba gani, nikichelewa mnanitoza nini, na pesa hizo zinakwenda wapi?

Maswali ya kuuliza benki

Kabla hujatia sahihi, kaa na karani wa benki umuulize haya, na uombe majibu kwa maandishi:

1. Ada ya mwaka ni ngapi? Ya mwaka wa kwanza imesamehewa, na ya pili itakuwa ngapi?
2. Shilingi ngapi hutoa pointi moja, na pointi ngapi hutoa maili moja? Usikubali jibu la swali moja bila la pili.
3. Naweza kuzihamishia mashirika gani? Kuna kiwango cha chini cha kuhamisha, na huchukua siku ngapi?
4. Pointi zinakufa lini? Nikifunga kadi, zinabaki au zinapotea?
5. Matumizi gani hayana pointi? Mara nyingi kutoa pesa taslimu, kulipa kodi za serikali na kujaza pochi za simu hazihesabiwi.
6. Siku zisizo na riba ni ngapi, na zinaanza kuhesabiwa lini?
7. Riba ni asilimia ngapi kwa mwezi? Kumbuka kwamba asilimia 3.5 kwa mwezi ni zaidi ya 40 kwa mwaka.
8. Nikilipa kwa dola au dirhamu, mnaongeza asilimia ngapi juu ya kubadilisha fedha?
9. Naweza kuweka agizo deni lote likatwe akaunti yangu kila mwezi, si kile kiwango cha chini tu?

Swali la tisa ndilo kubwa kuliko yote. Taarifa ya kila mwezi huonyesha deni lote, na chini yake kiasi kidogo cha "malipo ya chini". Kiasi hicho hukuepusha na faini, hakikuepushi na riba. Mtu anaweza kulipa malipo ya chini miaka na deni likabaki limekaa pale pale kama nanga. Dawa ya deni ni kulipa, nayo ni kulipa lote.

Wasio na hati za mshahara, wakiwamo wafanyabiashara wadogo, wanaweza kuambiwa waweke amana benki iwe dhamana ya kadi. Si jambo baya, lakini uliza kama amana hiyo inazaa kitu na utaipata lini ukifunga kadi. Na ujue kwamba deni la kadi usilolilipa hupelekwa katika ofisi za kumbukumbu za mikopo, zile tunazoziita CRB, na siku utakapotaka mkopo wa nyumba au wa boti utaulizwa habari zake.

Kuitumia bila kutumiwa

Ukishaipata, shika haya.

Lipia kwa kadi yale tu ambayo ungeyalipia kwa vyovyote: mafuta, chakula, dawa, karo shule ikikubali. Ukijikuta unanunua kitu "kwa sababu ya maili", umeshapoteza.

Jihadhari na duka linaloongeza bei kwa mwenye kadi. Likikuongezea asilimia 3 juu ya mali ya shilingi 10,000, umelipa 300 ili upate maili 100 zenye thamani ya shilingi 110. Hapo toa pesa taslimu au lipa kwa M-Pesa, usione haya.

Usitoe pesa taslimu kwenye mashine kwa kadi ya mkopo. Kwa kawaida hakuna siku za neema, riba huanza siku hiyo hiyo, kuna ada juu yake, na hupati pointi hata moja.

Ukiwa Dubai au Istanbul, mashine ya dukani inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au kwa fedha ya pale. Chagua fedha ya pale. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye atakayepanga kiwango cha kubadilisha, na hatakipanga kwa faida yako. Hata hivyo piga hesabu ya swali la nane. Benki ikiongeza asilimia 3 juu ya mali ya shilingi 200,000, hizo ni 6,000, ilhali maili 2,000 utakazopata zina thamani ya 2,200. Linganisha na gharama ya kubadilisha dola hapa nyumbani kabla hujaamua.

Jina kwenye kadi, kwenye akaunti ya maili na kwenye pasipoti liwe moja. Sisi watu wa majina matatu manne, mara Mohamed mara Muhammad, tumepoteza maili nyingi kwa herufi moja. Sahihisha mapema, si usiku wa kuamkia safari.

Na kama mtu atakupigia simu akisema maili zako zinakufa leo, mpe nambari ya siri iliyoingia kwenye simu yako ili aziokoe, kata simu. Benki haiombi nambari hiyo, na shirika la ndege haliombi. Anayetaka nambari yako ndiye atakayesafiri.

Kwa jamaa walio ughaibuni

Wengi wetu tuna ndugu Dubai, Maskati, London au Toronto wanaonunua tiketi za nyumba nzima. Wao mara nyingi wana kadi nzuri kuliko za hapa, na huenda faida kubwa zaidi ya familia ikawa kwa mmoja wao kukusanya, kisha kukata tiketi kwa jina la mama au baba huku. Mipango mingi humruhusu mwanachama kumkatia mtu mwingine tiketi ya maili, baadhi kwa masharti ya kumsajili kwanza. Lakini kadi itumiwe na mwenyewe. Kumpa ndugu nambari za kadi kwa WhatsApp ili "akulipie kidogo" kumegombanisha watu waliozaliwa tumbo moja.

Nani asichukue kabisa

Kadi hii haimfai anayebaki na deni mwezi hadi mwezi, hata kama ni kidogo. Haimfai anayeruka mara moja katika miaka mitatu. Haimfai mwenye kipato cha kupanda na kushuka, kama wa utalii, ambaye msimu wa mvua hana cha kulipa lakini kadi bado inakubali. Wala haimfai anayeona uzito wa riba moyoni mwake, kwani safari ya bure haitamlipa usingizi.

Inamfaa mwenye matumizi makubwa ya lazima, anayelipa deni lote kila mwezi bila kukumbushwa, na mwenye safari anayoijua: wapi, lini, na kwa ndege gani. Mtu huyo aandike tarehe ya kufa kwa maili zake kwenye kalenda ya ukutani, pale anapoiona kila asubuhi.

Kwangu mimi, kadi niliirudisha, nikafuta deni na kupewa barua ya kuthibitisha. Sasa naweka shilingi 5,000 kila mwezi katika akaunti ya safari. Kwa mwaka ni 60,000, karibu bei ile ile ya tiketi ya mfano wetu. Hazifi mwezi wa kuzaliwa, hazishuki thamani kwa barua pepe ya usiku, na mama akiuliza tena lini anakwenda, nina jibu la kumpa.